Usinunue Koili Kabla Hujaitafuta Cheche

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Uyole, Mbeya, mbele ya mafundi vijana na wakulima wenye matrekta ya petroli. Wengi mlikuwa mashambani mkaomba yaandikwe. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni. Michoro iliyokuwa ukutani nimeiruka.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, vijana wa gereji. Kamwene kwa mliotoka Iringa na Njombe. Mugonile kwa ndugu wa Rungwe. Na ninyi wa Usangu mliofika na vumbi la Igurusi bado kwenye viatu, karibuni sana.

Naanza na swali. Nani hapa kwake, au kwa baba yake, au kwa babu yake, kuna trekta la zamani limeegeshwa chini ya mparachichi na haliwaki? Inueni mikono, msione haya. Eeh, mikono ni mingi. Sasa mkono ubaki juu kwa yule ambaye injini ya trekta hilo imekufa kweli: shafti imekatika, bloku imepasuka, pistoni imeyeyuka. Mnaona? Mikono imeshuka karibu yote.

Kwa hiyo matrekta hayo hayajafa. Siku moja yaligoma kuwaka, fundi akaitwa, akabadilisha plagi, zile zinazotoa cheche ndani ya silinda. Halikuwaka. Akabadilisha koili, lile kopo linalokuza umeme wa betri uwe cheche. Halikuwaka. Akafungua kabureta, inayochanganya petroli na hewa, akaifunga, likabaki vilevile. Hela ya mwenye trekta ikaisha, fundi akaacha kupokea simu, kuku wakahamia kwenye kiti cha dereva. Halafu siku moja anapita mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. Mashine iliyokuwa inalima inauzwa kwa kilo, na kilichoiua pengine ni waya mmoja uliolegea.

Nimekuja kusema jambo moja, na nitalirudia mpaka mlichoke: usibadilishe kitu kabla hujajua cheche imeishia wapi.

Tuelewane kwanza tunazungumzia matrekta gani. Mengi yanayolima huku kwetu leo ni ya dizeli, na dizeli haina plagi za cheche. Mafuta yanawaka yenyewe kwa joto la hewa iliyobanwa. Ndiyo maana vijana wengi mnaijua nozeli na pampu, lakini mkifunguliwa kifuniko cha distributa, inayogawa cheche kwa kila plagi, mnatazamana. Siwalaumu. Hamkulelewa nayo. Mimi nazungumzia yale madogo ya kijivu, Ferguson TE20, yaliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000. Nazungumzia Massey Ferguson 35 za petroli, na ndugu zake waliokuwa wanawashwa kwa petroli halafu wanahamishiwa mafuta ya taa injini ikishapata moto. Kilimo cha trekta si kigeni Nyanda za Juu Kusini. Wazee wa Ismani watawaambia jinsi mahindi yalivyolimwa kule kwa matrekta tangu miaka ya 1950, na Azimio la Siasa ni Kilimo lilipotolewa Iringa mwaka 1972, mashine nyingi za aina hii zilikuwa zimeshazeeka shambani.

Haya. Tuingie kazini.

Trekta limegoma. Swali la kwanza si "nibadilishe nini?" Swali la kwanza ni: limekosa mafuta, au limekosa moto? Na jibu mara nyingi dereva analo kichwani, ila hakuna aliyemuuliza. Muulize lilizimaje. Lilizima ghafla, kama mtu aliyegeuza swichi? Hapo shuku umeme. Lilikohoa, likapungua nguvu, likashtuka, likapungua tena, ndipo likazima? Hapo shuku mafuta. Si sheria ya Musa, lakini inakuonyesha upande wa kuanzia.

Kisha fungua plagi uziangalie. Umepiga stata kwa muda na plagi zimetoka kavu kabisa? Mafuta hayafiki. Zimetoka zimelowa, zinanuka petroli? Mafuta yanafika, moto haupo, au upo kwa wakati usio wake.

Kuna bwana mmoja wa Chimala alikuwa na Ferguson la kuvutia tela la mpunga. Lilizima barabarani, likakataa. Fundi wa kwanza alifungua kabureta, akaosha jeti, akafunga. Wa pili akafungua kabureta ileile, akaosha jeti zilezile. Wa tatu akashauri inunuliwe kabureta nyingine. Nilipofika nikaomba spana ya plagi. Zote nne zilikuwa zinachuruzika. Zinachuruzika, ndugu zangu! Mafuta yalikuwa yamejaa mle ndani, na watu watatu wazima wamekaa wanayatafuta mafuta. Waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda distributa ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake. Kwa nje ulionekana mzima. Ukiuvuta, ganda linarefuka kwa sababu ndani hakuna shaba inayolishikilia. Ule mtindo wa kuvuta kila waya kwa vidole viwili mjifunze. Hauhitaji kifaa.

Nichepuke kidogo hapa, kwa sababu hili ni letu sisi watu wa juu. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 15. Kabureta iliyowekwa sawa pwani ikipandishwa huku inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Ukiipeleka Kitulo ndiyo kabisa. Plagi zinakuwa nyeusi, masizi makavu yanayofutika kwa kidole, na masizi yanapitisha umeme, kwa hiyo cheche inapita pembeni badala ya kuruka. Fundi anaona plagi nyeusi anasema plagi mbovu. Ananunua mpya. Baada ya wiki mbili nyeusi tena. Plagi haina kosa! Punguza mafuta kwenye kabureta. Na nyie wa mafuta ya taa, injini isipopata moto wa kutosha kabla hujahamisha bomba, plagi zitalowa na mafuta ya taa yatashuka mpaka kwenye oili. Asubuhi ya Juni huku kwetu, usiwe na haraka na hiyo koki.

Sasa, plagi zimelowa. Tunatafuta cheche. Toa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze kwenye chuma cha injini mahali pasafi, mbali na tundu ulilotoa plagi, maana tundu linatoa mvuke wa petroli. Ishike kwa koleo yenye mpini wa plastiki. Mwenzako apige stata. Unataka kuona cheche ya rangi ya buluu, nene, unayoisikia inapasuka. Ukitaka uhakika zaidi, chomoa waya mkubwa wa katikati ya distributa, ushike ncha yake milimita 5 au 6 kutoka kwenye chuma. Koili nzima itaruka umbali huo bila taabu. Ukiona cheche nyembamba, ya njano au nyekundu, inayoruka leo ikikataa kesho, hiyo usiihesabu kuwa cheche. Nje ya silinda inaruka. Ndani, kwenye hewa iliyobanwa, haitaruka.

Na kama hakuna kitu? Ndipo kazi ya leo inapoanza.

Ninyi wa skimu za umwagiliaji mnajua hili kuliko mimi. Maji yakikosekana jarubani, mtu mwenye akili haanzi kuchimba jaruba. Anapanda mpaka banio, pale maji yanapoingilia, anashuka na mfereji, anaangalia pale maji yalipo na pale yasipo. Kati ya hapo na hapo ndipo pana tatizo. Umeme wa trekta una mfereji wake: betri, swichi, koili, pointi (vile vichuma viwili ndani ya distributa vinavyogusana na kuachana), halafu unarudi koili kwa nguvu mpya, waya mkubwa, kifuniko cha distributa, rota inayozunguka chini yake, waya za plagi, plagi.

Niseme koili inafanya nini, kwa sababu asiyeielewa ataendelea kuinunua. Ndani ya kopo lile kuna nyaya mbili zimezungushwa kwenye chuma. Moja nene kiasi, mizunguko michache, inapita umeme wa betri. Nyingine nyembamba sana, mizunguko maelfu. Pointi zikiwa zimefunga, umeme wa betri unapita kwenye ule waya wa kwanza na kutengeneza sumaku. Pointi zikifunguka, umeme unakatika, sumaku inaporomoka mara moja, na kuporomoka kwake ndiko kunakozaa volti maelfu kwa maelfu kwenye waya wa pili. Mmesikia? Cheche inazaliwa pointi zinapofunguka, si zinapofunga. Vijana, andikeni hilo. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, pointi zinafunguka mara 3,000 katika dakika hiyohiyo. Kipande kile cha chuma kidogo kuliko ukucha kinafanya kazi hiyo kutwa nzima ya kulima, halafu mtu anakilaza miaka bila kukifungulia hata kukipangusa.

Na kondensa je? Ipo pembeni ya pointi kuzima ule mruko wa umeme zinapofunguka, ili umeme ukatike kwa ghafla. Kondensa ikifa, pointi zinatoa cheche zenyewe, zinaungua, na plagi zinabaki na moto dhaifu. Fungua kifuniko jioni kigiza kikiingia, mwenzako apige stata, utaona pointi zinawakawaka kwa mwanga wa buluu. Cheche ndogo ni kawaida. Ikiwa kubwa, mshuku kondensa.

Kifaa cha kufuatia njia hii ni taa ya kupimia: balbu ndogo ya volti za trekta lako na nyaya mbili. Gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda Mwanjelwa kutafuta koili. Waya mmoja wa taa kwenye chuma cha injini. Wa pili unaugusisha.

Gusa kwanza upande wa koili unaopokea kutoka kwenye swichi, swichi ikiwa imewashwa. Taa haiwaki? Rudi nyuma: swichi, fyuzi kama ipo, betri, na ule mkanda wa betri uliofungwa kwenye bodi, yaani chuma cha trekta, ambao una kutu na rangi na matope ya masika matatu. Taa inawaka? Vizuri. Hamia upande wa pili wa koili, ule unaokwenda distributa. Mwenzako azungushe injini taratibu kwa mkono. Sasa angalia kwa makini. Pointi zikifunguka taa inawaka. Zikifunga taa inazima. Inawaka, inazima, inawaka, inazima. Ukiona hivyo, njia ya umeme mdogo ni nzima, nenda upande wa kondensa, koili, rota na kifuniko.

Taa inawaka muda wote? Pointi hazigusani, au zimegusana kwa uchafu, au waya wa distributa umekatika. Yule bwana wa Chimala angelijua lake kwa dakika tano. Taa haiwaki kabisa? Chomoa waya wa distributa kwenye koili. Taa ikawaka sasa, basi mle ndani ya distributa kuna mahali umeme unapiga shoti kwenye bodi. Isipowaka bado, na upande wa swichi ulikuwa unawaka, koili imekatika ndani. Hapo, na hapo tu, toa hela ya koili.

Sasa nisikilizeni hili la shoti ndani ya distributa, kwa sababu linawapata hasa mafundi wenye bidii. Ismani kuna mzee alinunuliwa na wanawe pointi mpya. Kijana fundi akazifunga vizuri, akazipima nafasi, akafunga kifuniko. Trekta lililokuwa linawaka kwa taabu sasa haliwaki kabisa. Mzee akasema pointi za siku hizi ni feki. Kijana akasema koili imekufa kwa uzee. Ugomvi ukaanza, mpaka mzee hataki kumlipa. Nikatoa taa. Upande wa distributa haiwaki hata kidogo. Nikachomoa waya, ikawaka. Tukafungua kifuniko, tukaanza kutazama ile skrubu ndogo inayoshika springi ya pointi. Pale pana kawasha kadogo ka plastiki ngumu, kembamba, rangi ya udongo, upana wake kama punje ya mahindi. Kazi yake ni kuizuia springi isiguse chuma cha distributa. Katika kufunga, kale kawasha kalikuwa kamekaa juu badala ya kukaa chini. Springi imegusa bodi. Kwa hiyo pointi zinafunguka kwa macho, lakini kwa umeme zimefungwa milele. Tukakarudisha mahali pake kwa ncha ya bisibisi, kijana akazungusha handeli, likashika papo hapo. Mzee akacheka, akalipa, akaongeza na gunia la mahindi. Pointi hazikuwa feki, koili haikuwa nzee.

Tukiwa bado kwenye pointi. Msizisugue kwa msasa wa chuma. Chembe zake zinabaki katikati na kuzichoma. Tumia tupa ndogo laini, halafu pitisha karatasi safi nyeupe katikati ya pointi zikiwa zimefunga, uivute mpaka itoke haina alama. Trekta lililolala muda mrefu, mara nyingi karatasi hiyo peke yake ndiyo dawa, maana pointi zimeota ukungu wa kutu usioonekana. Nafasi yake, kwa distributa nyingi za kampuni ya Lucas, iko kati ya milimita 0.25 na 0.4 kulingana na aina, kwa hiyo tafuta kitabu cha trekta lako. Huna geji ya kupimia nafasi? Wembe wa kawaida wa pande mbili una unene wa karibu milimita 0.1. Panga vitatu pamoja, una 0.3. Paka grisi kidogo sana kwenye kamu inayozifungua pointi, kidogo kama ya kupaka bawaba ya saa. Ukijaza, itarukia pointi, na tutakuwa tumerudi tulikotoka.

Ninyi wenye Fordson Major za zamani zenye magneto, yenu ni tofauti kidogo. Magneto inajizalishia umeme, haihitaji betri, na inazimwa kwa kuigusisha kwenye bodi. Kwa hiyo ule waya wa kuzimia ukichubuka ukagusa chuma, magneto imezimwa na hakuna aliyeizima. Uchomoe kwanza, ujaribu cheche, kabla hujamwita mtu yeyote.

Nije kwenye ugonjwa mbaya kuliko yote: ule unaokuja na kuondoka. Trekta linawaka asubuhi, linalima, saa nne linazima. Dereva anakaa kivulini. Saa tano linawaka kama hakuna kilichotokea. Mkisikia hivyo, mnafikiri nini? Semeni kweli. Wengine mnasema limelogwa. Wengine mnasema dereva anatafuta mapumziko.

Upande wa Mufindi dereva alikaribia kufukuzwa kazi kwa jambo hili hili. Bosi alikuwa akifika, trekta linawaka. Akiondoka, linazima. Unamweleza nini bosi wa namna hiyo? Yule dereva alikuwa mtu mkimya, hakujitetea. Nikamwambia tukae naye shambani, twende pamoja mpaka lizime. Likazima, ghafla, bila kukohoa. Sikuruhusu mtu akae kivulini. Hapo hapo, likiwa bado la moto, tukachomoa waya mkubwa tukatafuta cheche: hakuna. Nikagusa koili. Haishikiki kwa mkono. Tukaimwagia maji ya baridi kwa nje, kopo tu, taratibu. Baada ya muda mfupi cheche ikarudi. Mle ndani ya koili waya ulikuwa na ufa: ukipata joto unatanuka, unaachana, ukipoa unagusana. Tulipofunga koili nyingine, mchezo ukaisha, na dereva akabaki kazini.

Lakini angalieni, msikimbilie kusema kila linalozima saa nne ni koili. Kuna mwizi mwingine mwenye tabia ileile: tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi la mafuta. Likizibwa na vumbi, petroli inashuka mpaka inashindwa kushuka, injini inakufa, ukisubiri hewa inapenya polepole, inawaka tena. Utayatofautisha vipi? Likizima, fanya mambo mawili kabla ya lolote. Tafuta cheche. Kisha legeza kifuniko cha tangi usikilize. Ukisikia hewa inavutwa ndani, fyuuu, umempata. Fanya likiwa la moto. Ukisubiri lipoe, ushahidi umepoa nalo.

Kuna na ndugu yake wa baridi. Tukuyu, Makete, Mafinga, asubuhi za ukungu: trekta halishiki mpaka jua lipande. Fungua kifuniko cha distributa uinamishe kwenye mwanga. Ndani utaona unyevu, na ukikaza macho utaona mstari mwembamba mweusi kama uliochorwa kwa kalamu ya risasi kutoka nguzo moja hadi nyingine. Huo ni mstari wa kaboni; umeme umejichongea njia yake pale. Kukausha kwa kitambaa kutakusaidia leo. Mstari huo ukishaota, kifuniko hicho kinahitaji mwenzake. Najua wengi mmezoea kuegesha trekta mteremkoni ili asubuhi mlisukume tu. Rungwe yote ni mteremko, sawa. Ila lile trekta linawaambia kitu kila asubuhi, na ninyi mnaliachia breki liserereke.

Dalili moja nyingine ya asubuhi: ukipiga stata halishiki, ukiachia stata ndipo linashtuka mara moja. Hilo ni betri dhaifu au mkanda mchafu wa bodi. Stata inakula umeme wote, koili inabaki na njaa. Ukiachia, koili inapata. Usiguse distributa. Safisha vichwa vya betri.

Kuhusu spea nitasema kwa ufupi, maana hapa ndipo hela zenu zinapopotelea. Ferguson za mwanzo kabisa zilitoka na volti 6, zilizofuata volti 12. Koili ya 6 kwenye betri ya 12 itaungua pamoja na pointi. Ya 12 kwenye betri ya 6 itatoa cheche ya kinyonge. Kuna pia koili za magari zinazotaka kipunguza umeme njiani. Ukiifunga bila hicho kipunguza, itachemka. Uliza kabla ya kulipa. Matrekta mengi ya Kiingereza ya zama zile yalifungwa chanya kwenye bodi, si hasi. Fundi wa magari ya leo akija na mazoea yake, anaweza kugeuza betri na kuharibu dainamo. Angalia kwanza lilivyofungwa. Na kondensa mpya isikufanye uitupe ya zamani inayofanya kazi. Mpya nyingi za siku hizi zinakufa mapema. Ya zamani iliyo nzima iweke kwenye kopo, iandike, itakufaa kwa kupimia.

Kama umechomoa waya zote za plagi ukasahau mpangilio: Ferguson ya silinda nne inawaka 1, 3, 4, 2. Ukikosea, utapata cheche nzuri kwenye plagi zote na trekta halitawaka, au litapiga mlio kwenye kabureta mpaka ng'ombe wa jirani wakate kamba. Hesabu kwa kufuata upande rota inakozunguka. Na unapozungusha handeli kwa mkono, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mpini. Taimingi, yaani wakati wa cheche, ikiwa imewahi, handeli inarudi nyuma kwa nguvu, na gumba halioti jingine.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimemwona.

Kuna swali liliandikwa kwenye karatasi likapitishwa mbele, nalijibu ndipo tutoke. Mtu anauliza: trekta la baba limelala miaka mingi, nianzie wapi? Usianze kupiga stata. Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, ikae usiku mzima, kesho yake zungusha kwa mkono ujue kama injini iko huru. Mwaga petroli ya zamani, imeshageuka gundi. Betri nzima, mkanda wa bodi msafi. Karatasi nyeupe kwenye pointi. Kisha taa ya kupimia, kutoka swichi kushuka. Ukifika pale taa inapokataa, simama hapo. Usiruke kwenda mbele.

Sasa twende nje. Kuna Ferguson pale nyuma ya banda, na nimelitia ubovu mmoja kwa makusudi. Sitasema ni upi. Betri imechajiwa, gia iko huru, magurudumu yamewekewa mawe. Vijana wawili wawili, mmoja kwenye handeli, mmoja kwenye taa, na hakuna kugusa spana mpaka aniambie cheche imeishia wapi. Wewe binti wa mstari wa tatu uliyekuwa unaandika muda wote, anza wewe. Na mwenye sigara abaki humu ndani.